Kidato cha Sita Kilichobaki Ngara

Miezi miwili kabla ya mtihani wa kidato cha sita, Nazario alimtoa bintiye Jeska shuleni kule Ngara, Tanzania, wakapanda lori la wakimbizi wanaorejea Burundi. Mzee alikuwa na haraka ya shamba lake la Makebuko, mkoani Gitega, alilolikimbia akiwa kijana mwaka 1972. Aliogopa akichelewa atakuta watu wameshajenga. Jeska alilia sana. Alikuwa akisoma fizikia, kemia na bayolojia, na kwenye kemia hakuwa na mpinzani.

"Mwanangu, kemia ni kemia," baba akambembeleza. "Asidi ya Tanzania na asidi ya Burundi si ile ile? Utamalizia nyumbani."

Sijui nani alimdanganya mzee wa watu. Nadhani alijidanganya mwenyewe, na mji wa Muyinga, ng'ambo ya mpaka, ukamsaidia, maana kwenye kituo cha mapokezi walikutana na mama mmoja wa mjini, Mwajuma, aliyewapa chai na kuwakaribisha kwa Kiswahili. Jeska akapumua. Kumbe nyumbani nako wanasema lugha yetu!

Gitega ikamzindua. Katika shule aliyoipata mtaa wa Mushasha, masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, na Jeska, mwenye miaka ishirini na mmoja, alijua Kifaransa cha kusalimia tu. Mkurugenzi wa shule hakuwa mtu mbaya. Alimweka darasa la mwisho la sayansi kwa majaribio hadi Pasaka. Akipata nusu ya alama za kemia, somo alilojisifia, atabaki na kufanya mtihani wa taifa. Akikosa, atarudi darasa la kumi pamoja na watoto, asome miaka minne tena.

Sasa sikia kichekesho. Mwalimu wa kemia, Fabiano, alisoma miaka ya vita, kwa chaki peke yake. Kabatini kulikuwa na vyombo vya maabara vya msaada ambavyo hakuna aliyethubutu kuvigusa. Siku alipofundisha kupima asidi kwa michoro ya ubaoni, Jeska alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, vile vyombo mimi ninavijua."

"Kweli? Basi kuja, we utuonyeshe. Mi sijashikaka hata siku moja."

Jeska akaisuuza bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, kwa asidi kama alivyofundishwa, akaifunga wima, akaacha asidi idondoke huku mkono wa pili ukizungusha chupa ya besi chini yake. Tone moja tu likatosha kugeuza maji ya njano kuwa rangi ya chungwa, naye akafunga koki papo hapo. Akarudia mara tatu, vipimo vikalingana. Wenzake wakampigia makofi, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, Jeska akajiona mtu.

Mtihani wa Pasaka ukaja. Hesabu alipata zote, lakini hesabu zilikuwa alama thelathini. Sabini zilizobaki zilitaka maelezo na sababu, na Jeska alizieleza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichosomea. Fabiano hakukielewa, akapiga mistari myekundu ukurasa hadi ukurasa. Thelathini kwa mia.

"Pole sana, mademoiselle," mkurugenzi akamwambia. "Règlement ni règlement, sheria haipindwi."

Miaka minne! Jeska hakuwa na moyo wa kuianza. Alikwenda kukusanya madaftari yake arudi Makebuko akashike jembe na baba, ambaye siku hizo alikuwa hawezi kumtazama usoni. Mlangoni Fabiano akamsimamisha.

"Jeska, tafadhali. Inspecteur wa mashule anakuja wiki ijayo, na ile bureti bado inanishinda. Uniandikie yote, mwanzo mpaka mwisho. Andika tu na Kiswahili, hakuna shida."

Akakaa, akaandika ukurasa mzima: kwa nini bureti inasuuzwa kwa asidi na si kwa maji, kwa nini rangi inageuka ghafla, kwa nini kipimo kinarudiwa. Ndiyo yale yale aliyoulizwa kwenye mtihani. Fabiano akachomoa kalamu, akaufasiri ukurasa kwa Kifaransa pale pale. Hata robo saa haikupita.

Akausoma tena kutoka juu, akitikisa kichwa kwa furaha.

"Iko sawa kabisa," akasema. "Hata kosa moja hakuna."