Mguu wa Bi Somoe

Siku lori la sukari lilipoingia kijijini kwetu, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, sabuni na sukari tunazisikia tu redioni. Mimi nilikuwa binti, nauza katika duka la ushirika la kijiji, njia ya kutoka Ruangwa kwenda Nandagala. Mkubwa wangu kazini alikuwa Bi Somoe, mjane wa Kimakonde, mama asiyependa maneno mengi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba chenye mlango mmoja na kaunta ya mbao ambayo haikupigiliwa chini. Bi Somoe alishamwomba mwenyekiti wa kijiji amlete fundi aikaze, na atoboe mlango wa nyuma. Akajibiwa kwamba duka ni la kuuzia, si la kukimbilia.

Habari za lori zilifika kabla ya lori lenyewe. Watu waliacha majembe shambani, wengine wakaja kwa miguu kutoka Namungo. Tulipofungua mlango waliingia wote kwa pamoja. Sikuwalaumu sana, maana mtu mwenye mzazi ndani na uji usio na sukari, subira ataitoa wapi? Rashidi, jirani yetu, alikuwa mmoja wa hao, mkewe ametoka kujifungua. Alinyoosha mikono juu ya kaunta, akashika gunia nililokuwa nimelifungua. Nikalishika upande wangu. Akaachia mkono mmoja, akainua fimbo aliyokuja nayo.

"Mwachie," Bi Somoe akaniambia, taratibu tu, kama anayeniambia nifunge dirisha.

Nikaachia. Rashidi akaliburuta gunia hadi nje, sukari inamwagika njiani. Wa nyuma walipoona gunia linatoka wakadhani wao watakosa, wakasukuma. Kaunta ikateleza, ikambana Bi Somoe ukutani, nikasikia mfupa wa mguu wake ukivunjika. Hakupiga kelele. Alinivuta kanga akasema, "Pita chini, toka nje." Kutoka wapi, mwanangu, na mlango ndio huo uliojaa watu? Nilijikunja chini ya mbao mpaka wanaume walipoivuta kaunta.

Lori lililoleta sukari ndilo lililompeleka Bi Somoe hospitali, Nachingwea.

Aliporudi, kikao cha kijiji kikaitishwa, si kwa ajili ya mguu wake bali kwa ajili ya gunia. Mwenyekiti alisema mali ya wanakijiji imetoka mikononi mwangu, kwa hiyo niiache kazi. Nilisimama mbele yao nimeinamisha kichwa, nikaanza kuamini kwamba kweli nilikuwa mwoga.

Bi Somoe hakualikwa. Kaka yake alimsukuma kwenye baiskeli, mguu una plasta hadi gotini.

"Mzee mwenyekiti," alisema, "mimi ndiye niliyemwambia huyu binti aachie. Ukitaka kufukuza, nifukuze mimi."

"Na sukari ya watu, Bi Somoe?"

"Sukari italetwa na lori lingine. Huu mguu wangu utaletwa na lori gani?"

Rashidi akainuka kule nyuma, hakumtazama mtu usoni. "Gunia nililichukua mimi," alisema. "Nitalilipa. Na miti ya kuzuia watu pale nje nitaikata mwenyewe."

Mimi nikabaki kazini, na fundi akaitwa wiki hiyohiyo. Kaunta ikapigiliwa, mlango wa nyuma ukatobolewa, Rashidi akasimika miti ya kupanga foleni, na tukaanza kuuzia dirishani. Sukari ilipokuja tena watu walinung'unika kwamba tunawachelewesha, lakini hakuna aliyesukumwa. Bi Somoe aliuza akiwa amekaa kwenye kigoda. Mguu haukunyooka tena hadi alipofariki.

Sasa na wewe una duka lako pale Ruangwa mjini, na umeajiri mabinti wawili. Waambie leo, kabla ya shari kuja, kwamba mtu akiwatisha wampe anachotaka, na hutawadai. Usimwache mmoja afunge duka peke yake. Makatoni uliyoyapanga hadi darini yashushe, na mlango wa nyuma usiujaze mizigo. Wakikuambia kitu fulani kinalegea, kikaze, usiwacheke. Na likitokea la kutokea, neno la kwanza kutoka kinywani mwako liwe, "Umeumia?" Ya mali utayauliza baadaye, ukiona bado yana maana.

Mungu akujalie wateja wenye subira, mwanangu, na kila jioni awarudishe hao mabinti kwa mama zao wakiwa wazima.