Regula kwenye Tangi la Marehemu

Kila anayeniona kwenye kituo cha petroli ana ushauri wa kunipa. Juzi hapa Embu mjini, dada wa pampu aliitazama pikipiki yangu kuukuu kwa huruma, akaniambia niiwekee ile petroli ya oktani ya juu kabisa, maana mzee hulishwa vizuri. Nilimjibu kwamba mzee akilishwa asichohitaji huvimbiwa tu. Alicheka, nami nikalipa nikaenda zangu. Hakujua kwamba maneno kama hayo yaliwahi kunifunga nyumbani kama mbuzi kwenye kigingi.

Mimi ni mtoto wa Kangeta, kwa Wameru. Baba yangu alikuwa fundi wa pikapu za miraa, zile zilizoteremka mlima kana kwamba barabara imekodishwa kwa ajili yao peke yao. Sisi watoto tulilala tukisikia injini na kuamka tukisikia injini. Baba alinifundisha kwamba namba ya oktani si utamu wa petroli wala si nguvu yake. Ni subira yake, uwezo wa kubanwa ndani ya silinda bila kuripuka kabla plagi haijatoa cheche. Injini inayobana sana huhitaji petroli yenye subira nyingi. Ukiinyima, itakuambia: ikipanda mlima na mzigo utasikia inagonga, kama mahindi makavu yanayotikiswa kwenye debe. Isipogonga, imetosheka, na hiyo pesa nyingine kanunue sukari.

Nikaolewa Embu, juu ya Kianjokoma. Mume wangu na mimi tulikuwa maofisa wa mifugo, na wakulima walituita madaktari wa ng'ombe. Alikuwa na pikipiki aliyoinunua ikiwa tayari imezeeka, kutoka kwa padri aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa mashine ya enzi za zamani, isiyobana sana, mpole kama punda. Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa ukakubaliana niendelee kuitumia kwa kazi, lakini kwa sharti moja. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisimama akasema ndugu yake hakuwahi kuinywesha kitu kingine ila supa, ile ya oktani ya juu, na kwamba kuitilia regula, ile ya bei nafuu yenye oktani ya chini, ni kumshusha marehemu cheo kaburini. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Watu waliomzika juzi tu hawangeweza kubishana na neno kama hilo.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Sokoni kwetu kulikuwa na pampu moja, na pampu hiyo iliuza regula tu. Supa ilipatikana mjini, na aliyekwenda mjini na jerikani ni shemeji. Akitaka, analeta. Akikasirika, haleti. Nikitaka kwenda Runyenjes kutazama ng'ombe, lazima nimwambie naenda kwa nani, nitarudi lini, na kwa nini siendi kesho. Ilikuwa heshima ya marehemu mdomoni, lakini mimi nilijua ni kamba.

Mwanzoni nilitii, kwa kuwa mjane mpya hutazamwa hata anavyopiga chafya. Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na watoto wanaosomeshwa na ng'ombe huyo, alikuja mbio akisema ndama amekwama tumboni. Tangi lilikuwa kavu. Shemeji alikuwa mjini na jerikani lake. Tulishika njia kwa miguu, matope hadi kwenye magoti, na tulipofika ng'ombe alikuwa ameshalala upande, macho yamegeuka. Nilimvuta ndama akiwa mfu, na ng'ombe mwenyewe akafa mikononi mwangu. Yule mama hakunilaumu. Aliniletea maji ya kunawa, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kesho yake niliisukuma pikipiki hadi sokoni, siku ya soko, mchana kweupe, nikajaza regula mpaka mdomoni mwa tangi. Sikujificha. Nilitaka wanaonunua viazi waone, na wanaouza viazi waone. Habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Injini haikujali. Kule juu kwetu ni baridi na hewa ni nyepesi, na mashine isiyobana sana ikipewa hewa nyepesi hubana hata chini ya hapo. Regula iliitosha na ikabaki. Nilizunguka kwa wakulima wangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndama wakazaliwa. Shemeji akaacha kunisalimia.

Lakini sitasema uongo. Nilipoteremka Mbeere kwenye joto, nikarudi na gunia la chumvi ya mifugo nyuma, pikipiki iligonga. Niliisikia kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya nyumbani, ka-ka-ka, na bahati yangu mbaya shemeji alikuwa amesimama getini. Nilijua sababu: joto, mzigo, na gia niliyoing'ang'ania kwa uvivu. Jioni ile niliipoza, nikafungua kichwa cha silinda, nikakwangua masizi yaliyoganda humo miaka mingi, maana masizi nayo huongeza kubana. Tangu hapo, nikienda Mbeere na mzigo, nilichanganya supa kidogo nikiipata, na nisipoipata nilipunguza gia. Kazi ya kuchagua ilikuwa ya sikio langu, si ya kaburi.

Shemeji hakungoja maelezo. Aliita kikao Jumapili baada ya kanisa. Wazee walikuja, wakala mukimo, wakanywa chai, ndipo akasimama.

"Mimi niliisikia na haya masikio," alisema. "Hiyo mashini ya ndugu yangu inalia. Huyu Mmeru ataiua. Alete ufunguo leo."

Ufunguo ulikuwa kwenye mkunjo wa leso yangu. Niliufumbata. Nilijua nikiutoa, sitautoa ufunguo wa pikipiki peke yake. Nitatoa mshahara wangu, wakulima wangu, na kila njia itokayo pale nyumbani. Nikasimama pia, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hakulifanya mbele ya wazee wale.

"Tangi ni langu," nikasema. "Nikikosea, nitasukuma mwenyewe. Shemeji, kama unasema inalia, panda nyuma yangu tupande ule mlima wa kanisani, uisikie na uzito wako juu yake."

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Shemeji alinitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali. Yeye, mwanamume mzima, abebwe na mwanamke mbele ya waumini wote waliokuwa bado barabarani? Alisema hana wakati wa michezo, akakaa.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Tangu mazishi, alikuwa na kawaida ya kutoka nje kila niliporudi jioni, kwa sababu mlio ule ulikuwa mlio wa mwanawe akirudi nyumbani. Nilimwogopa yeye kuliko wote. Kama angesema mlio umebadilika, ningeshindwa, hata kama Baba angefufuka kunitetea.

Alikaza kitambaa chake kichwani, akainuka.

"Nitapanda mimi," alisema.

Wazee wakajaribu kumzuia. Aliwapita. Nilimsaidia kukaa upande, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Nikapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza, tukatoka getini. Mwinuko ulipoanza nilipunguza gia mapema, nikatega sikio. Hapakuwa na mahindi kwenye debe. Ilipanda ikinguruma ngurumo yake ile ile, tukawapita waumini waliosimama kando midomo wazi, hadi juu kabisa kwenye ukuta wa kanisa. Nikaizima.

Nilipogeuka, machozi yalikuwa yakimtoka mama mkwe, naye hakuyafuta.

"Ni yeye," alisema. "Umeweka nini?"

"Regula, mama. Ya hapa sokoni."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari za mtoto aliye mbali na kuambiwa ni mzima. Kisha akanishika tena kiunoni.

"Turudi," akasema. "Na tukifika alipokaa shemeji yako, piga honi."