Chupa Aliyoishika Shemeji

Fundi kufuli hakuzaliwa mkimbiaji. Alianza akiwa na miaka arobaini na mitatu, pale daktari alipomwambia presha imepanda na kitambi kimezidi. Aliyemtoa kitandani ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mpaka rangi mwenye maneno mengi na miguu myembamba. Kila alfajiri aligonga dirisha: "Shem, amka! Hicho kitambi hakitaondoka kwa kuoneshwa viatu!"

Miaka sita walikimbia bega kwa bega. Walipojiandikisha kwa mbio za kilomita arobaini na mbili, waliahidiana kuvuka mstari pamoja.

Siku yenyewe jua liliwaka mapema. Kwenye kilomita ya thelathini na moja, msuli wa shemeji ukakaza. Akaushika mguu, akaita, "Shem, nisubiri kidogo!"

Fundi akatazama saa ya mkononi. Alikuwa njiani kumaliza mbio ndefu hivyo kwa muda usiofika saa nne. Akajitia hamnazo, akaongeza mwendo. Hata meza za maji akazipita, asipoteze sekunde.

Zikiwa zimebaki mita mia tatu, barabara ikaanza kuyumba. Aliona watu wakipiga makofi, lakini masikioni hakukuwa na kitu. Akaenda chini kama gunia.

Akili zilipomrudia sawasawa, saa moja na zaidi ilikuwa imepita, naye yumo ndani ya hema la wagonjwa. Daktari alishampima damu, akasema amekaukiwa maji vibaya, na kwa kuwa kila alichokunywa alikitapika, atundikiwe dripu. Muuguzi akachoma mara ya kwanza, akakosa. Ya pili, akakosa.

"Mishipa yako imejificha, baba."

Ya tatu ikaingia. Lakini vyuma vya kutundikia chupa vilikuwa vimekwisha, wagonjwa wamejaa. Muuguzi akauliza kwa sauti, "Ndugu yake yupo?"

"Nipo."

Shemeji aliingia akichechemea, medali shingoni. Kilomita zote zilizobaki alizimaliza kwa kutembea. Akapokea chupa, akaiinua juu, akasimama. Mkono mmoja ukichoka, anabadilisha. Fundi akahisi ubaridi ukipanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Taratibu ulimi ukalainika, kichwa kikatulia, na hapo ndipo aibu ilipopata nafasi.

"Nilikuita," shemeji alisema, bila hasira.

"Lini? Sikusikia, shem. Kelele zilikuwa nyingi mno."

Shemeji akayatazama matone yanavyodondoka. "Haya. Pumzika."

Chupa ya kwanza ikaisha, akashika na ya pili. Zaidi ya saa nzima alisimama pale na mguu wake mbovu. Mara mbili ukweli ulimfika fundi kooni, na mara mbili akaumeza.

Nyumbani mkewe alimgombeza kweli kweli. "Kaka asingekuwepo, leo tungekuwa tunalia!" Shemeji akacheka tu, hakumsemea.

Dirisha halikugongwa tena. Shemeji alidai kazi zimembana, kisha fundi akasikia kwamba anakimbia jioni na walimu wa shule ya jirani. Miezi mitatu ilipita ndipo fundi alipomfuata kwenye nyumba aliyokuwa akiipaka rangi, akamkuta juu ya ngazi.

"Shem, siku ile nilikusikia."

Brashi haikusimama. "Najua. Nilikuona ukitazama saa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na sindano mkononi. Nikasema upone kwanza, utasema mwenyewe. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi..." Akashuka, akafuta mkono kwenye suruali, akampa. "Yameisha, bwana. Unywe maji tu."

Na yaliisha kweli. Kwenye shughuli za ukoo wanakaa pamoja, wanataniana kama zamani. Lakini alfajiri fundi anakimbia peke yake, akisimama kila baada ya muda kunywa maji. Shemeji bado anakimbia na walimu jioni, na fundi hajathubutu kuomba kuungana nao.