Kuku wa Aicha na banda lililoponea chupuchupu kuchomwa

Saa kumi na moja na nusu jioni, uani kwa Papa Mansour mjini Likasi, hakuna anayethubutu kukohoa. Mwenye duka huyu ameshika kibiriti. Miguuni pake amerundika majani makavu. Mbele yake kuna banda la mbao, jeupe pe, na jogoo mwekundu analizunguka kwa mashaka.

"Kama kuku inakatala kuingia leo, minye naunguza hii nyumba," anasema, na hatanii.

Orpa Kazadi, miaka 43, anacheka. Ndiye aliyeliombea banda nafasi ya mwisho. Kazi yake ni kutibu mabanda ya kuku, na adui yake ni utitiri, vidudu vidogo mno ambavyo mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na usiku hutoka kunyonya damu.

Kuku wa Aicha, mke wa Mansour, walikuwa wamelihama banda. Walilala juu ya bati, mvua inyeshe isinyeshe. Watatu waliobaki ndani kuatamia walifia juu ya mayai yao.

Mansour naye hakukaa bure. Alinunua chokaa, akalipaka banda lote, kwa nje.

"Ulipaka inje juu bageni baone," Mama Orpa anamchokoza. "Bidudu biko mu ndani, binakucheka tu!"

Aicha anacheka hadi anashika ukuta.

Chokaa Mama Orpa anaijua. Aliifungasha kwenye magunia kiwandani huko Kakontwe kwa miaka sita, hadi vumbi likamdhuru kifua. Akaanza kufuga. Kuku wake mmoja alipokufa, aling'oa ufito ambao kuku huyo alikuwa akilalia, akakuta ncha zake zimejaa utitiri, mwekundu kwa damu.

"Nilipiga kelele, majirani banakimbia, banazani ni mwizi!"

Tangu siku hiyo hapaki kitu kabla ya kubomoa. Kwa Mansour aling'oa fito zote, akazisugua pamoja na mbao kwa maji ya moto na sabuni, akapaka mafuta ya taa kwenye kila ufa, akaacha vikauke juani. Ndipo akapaka chokaa nzito, ndani na nje. Baada ya wiki akairudia kazi yote, maana mayai ya utitiri huanguliwa baadaye.

Sasa jogoo anaingiza shingo. Anaitoa.

"Ingia, papa, ingia!" Aicha anamnong'oneza jogoo.

Mguu mmoja. Wa pili. Jogoo anarukia ufito, anakung'uta mabawa, anatulia. Kuku wanamfuata wakisukumana mlangoni.

"Banaingia! Bote banaingia!" Aicha anamrukia Mama Orpa, wanazunguka uani kama wasichana. Ni raha tupu, na hata mwandishi wa habari hii anajikuta akipiga makofi.

Mama Orpa ana mpango mkubwa zaidi. Yeye na mumewe Symphorien, seremala, wanataka kutengeneza mabanda ambayo fito zake hutoka kwa mkono, bila nyundo.

"Kila mama ataondosha fito, atasafisha, atarudisha. Asiningoje minye."

"Na weye utakula nini?" Mansour anauliza.

"Nitauzisha hizo nyumba ya kuku! Likasi iko na kuku mingi, papa."

"Basi ya kwanza iko yangu."

Anatia kibiriti mfukoni. Kisha anainama, anayazoa majani aliyoyarundika kwa ajili ya moto, na kuanza kuyatandika kwenye viota.