Goti la Chuma Nililolipeleka Hospitali

Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba yangu ya tofali za kuchoma hapa Titye nimeijenga mwenyewe, na sijawahi kumwomba mtu anisomee kitu. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza wiki iliyopita.

Goti langu limekwisha, jembe silishiki tena. Basi nikaona katika daftari la binti yangu Neema mtu aliyechorwa akiwa na goti la chuma, nyaya na skrubu zote, maandishi pembeni. Nikajua hayo ni mambo ya hospitali. Nikalibeba daftari kimya kimya mpaka hospitali ya Kasulu.

Kwenye foleni nilimwonyesha bibi mmoja mwenye fimbo.

"Yoo! Na mimi waniwekee," akasema.

"Nitakusemea," nikamwahidi.

Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Nikampa daktari lile daftari, nikamwamuru, "Soma kwa sauti, wasikie."

Akasoma: "Zuba, mlinzi wa mwezini. Goti lake hunywa mwanga wa jua." Akanitazama. "Mzee wangu, hii ni hadithi. Mtu huyu katungwa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule bibi hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Kwa hiyo, baba, hata langu halipo?"