Wasifu wa Babu Niliousafisha

Wiki mbili nimeficha hili, hata daftari hili sikuliambia, ila aibu imekataa kuisha yenyewe.

Babu alipofariki, baba akasema, "Wewe ndiye uko kidato cha tatu, utaandika wasifu na utausoma makaburini." (Mimi, ambaye darasani nikitajwa jina tu nasahau jibu!) Bibi akakaa mkekani akanipa maneno: kwamba Babu alifuga nyuki, kwamba hakurudi kutoka kwenye mizinga bila asali ya watoto wa jirani, kwamba mama alipozidiwa na uchungu wa kunizaa, Babu na wenzake walimbeba kwa machela mpaka hospitali Kibondo, na kwamba alifoka akiona mtu kabakiza ugali. Alisema kwa Kiswahili chake chenye Kiha ndani, nikaandika yote.

Kisha nikakumbuka kwamba mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, atakuwepo, na wenzangu wanaonicheka ("We Muha, hicho Kiswahili cha porini!"), na huku kila mtu anaamini Kiswahili cha kweli ni cha pwani na cha redioni, basi nikaamua kusafisha kidogo tu. Nyuki nikawafanya "shughuli za kiuchumi". Machela ikawa "mchango katika sekta ya afya". (Ugali haukupata neno, nikaufuta.) Karatasi ya Bibi nikawashia moto jikoni.

Makaburini nikasoma: "Marehemu alikuwa mhimili madhubuti katika nyanja mbalimbali..." Bibi akamuuliza baba kwa Kiha, kwa sauti kubwa maana hasikii vizuri, huyo anayesomwa ni nani, kwani kuna msiba mwingine hapa? Vijana wa nyuma wakaangua kicheko, nikapoteza mstari, nikarudia "mhimili madhubuti" mara tatu.

"Mjukuu wangu," Bibi akaniita, "tusomee yule wa nyuki."

Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, ila nikarudi kutafuta mstari kwenye karatasi. Baba akasema taratibu, "Basi, kaa." Wakaanza kufukia.

Jioni watu wametawanyika, mwalimu akanikuta nasugua masufuria. "Pole sana, binti. Hivi babu yako alikuwa anafanya kazi gani hasa?"

"Alifuga nyuki, mwalimu."

Ndilo neno pekee la kweli nililomsemea Babu siku ile, na alikuwa ameshazikwa. Sirudii tena. Bibi akisema mzinga, nitaandika mzinga.