Kitenge cha Konokono

Mama yangu anauza vitenge katika soko la Kamembe, na kwa miezi kadhaa kijana mmoja Mchina alikuwa akija kukaa kwenye kigoda cha wateja bila kununua hata leso. Alikuwa wakala wa kiwanda cha nguo cha kwao kilichotaka kuingia katika masoko yetu, hapa na Bukavu, ng'ambo ya mto ulio mpaka wa nchi zetu mbili. Nilidhani watu wa namna hiyo huleta kontena kwanza, maswali baadaye. Huyu alileta daftari. Aliuliza kitenge gani kinatoka haraka na rangi gani wanawake wanaikataa, lakini zaidi aliuliza majina, maana kwetu kitenge hakiendi kama wanawake hawajakipa jina. Kiswahili alikiokota Bukavu, na alimwita mama Maman kwa heshima inayowashinda wakwe wengine.

Mimi ni mwalimu kule Gihundwe, na nina mdomo. Nilimwambia mama anamfundisha kazi mtu atakayekuja kumfungia meza. Akanijibu kwamba anayeuliza kabla ya kuleta mzigo ana adabu kuliko mchumba wangu, aliyeleta wazee nyumbani kabla hajaniuliza mimi. Ilikuwa kweli.

Harusi yangu ilikuwa imekaribia, na mama alikuwa na jambo linalomnyima raha. Alikuwa na kitenge kimoja cha bluu chenye konokono wekundu, alichopewa na baba kabla hawajaoana. Kilikuwa vipande viwili. Kimoja tulimfunika nacho baba siku tuliyomzika kule Nkanka. Cha pili amejifunga miaka yote hiyo mpaka kikawa chepesi, ukikinyanyua unaona dirisha. Baba akiwa mgonjwa, mama alimwahidi kwamba siku ya kuniozesha atasimama kanisani amevaa konokono, mavazi kamili, juu na chini. Kiwanda kilichokichapa kilikuwa kimefungwa zamani, na Bukavu yote alikuwa ameshaimaliza kwa kutafuta.

Asubuhi moja alikitoa kwenye mfuko, akakitandaza juu ya magoti ya wakala na kumuuliza kama watu wake wanaweza kukitengeneza. Kijana alikipapasa taratibu kama mtu anayempima mtoto homa, akakipiga picha. Jibu lilichukua majuma. Kiwanda hakiwashi mashine kwa ajili ya mama mmoja. Wanawake wa soko wakikubali kuchukua marobota, na kitenge kikiwa na jina la kukiuza, basi watachapa.

“Maman, bosi anasema bila jina hawezi,” alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Hakikuwa na jina. Nyumbani kiliitwa “ile yetu” tu.

Mama alikaa siku mbili bila kula vizuri. Siku ya tatu akawaita wenzake wa vitenge, akawaeleza. Kabla hawajaoana, baba alikuwa akiishi Kamembe na yeye Bukavu. Walikuwa wamepatana wakutane darajani, baba amletee zawadi. Siku hiyo mpaka ukafungwa, hakuna aliyeeleza kwa nini, na mvua ikaanza. Mama upande wake aligeuza akarudi nyumbani. Baba hakurudi. Mpaka ulipofunguliwa kesho yake mchana, mama alimkuta palepale, amelowa hadi soksi, na kitenge kikavu ndani ya koti. Mama alikikunjua akauliza ni nani anayempa msichana konokono. Baba akasema ndio pekee waliomkalia karibu kwenye mvua.

Mkubwa wa wale wanawake akasema kitaitwa Mvula Haikumufukuza, na kila mmoja akataja marobota atakayochukua. Wakala alikuwa ameacha kuandika. Aliuliza kama baba alipata homa baada ya hapo. Mama akacheka, akasema aliugua juma zima na kudekezwa juma zima.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na moyo ulikuwa unawaka. Mimi mtoto wake sikuwahi kusimuliwa habari ile. Nimeisikia pamoja na watu wa soko na mgeni mwenye daftari. Tukirudi nyumbani nilimwambia wazi kwamba amemuuza baba. Sikusema kwa upole, na mpaka leo ninaona aibu.

Hakukasirika. “Nilimufunika na nusu,” alisema. “Nusu ingine inaishia ku mikono yangu. Ulitaka nibakie na nini?”

Sampuli ya kwanza ilikuja na konokono wa rangi ya ufizi, mama akaikataa. Ya pili ilikuwa sawasawa. Aliinusa, akaiweka shavuni, halafu akaniita nami niishike. Siku ya harusi alisimama mbele amevaa bluu na nyekundu juu na chini, na nyuma yake nusu ya kanisa ilikuwa konokono. Wakala naye alikuja na shati la kitambaa hichohicho, limembana kifuani. Nilimpa mkono mbele ya watu wote, na hivyo ndivyo nilivyomwomba msamaha.

Miezi michache baadaye mama nami tulikuwa darajani tukisubiri kuvuka kwenda Bukavu. Mbele yetu kulikuwa na mwanamke wa ng'ambo, amembeba mtoto mgongoni kwa kile kitenge. Mama akamsifia. Yule mwanamke akafurahi, akaanza kumweleza jina la kitenge na maana yake, taratibu, kama anayemfundisha mgeni.

“Ni bwana mumoja, maman. Alingojea bibi yake hapa ku daraja, mvula inanyesha. Bibi hakutokea. Banasema mupaka leo angali anamungojea.”

Nilifungua mdomo kusahihisha, ndiyo kazi yangu. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. Alitazama maji chini, kisha kona ya kitenge iliyomfunika mtoto miguu, akaivuta kidogo ili imfunike vizuri.

“Acha angojee,” akasema. “Nitafika.”

Yule mwanamke hakuelewa, akatabasamu tu. Mstari ukasogea.